Tulivyotembezwa Ukara Tulipomfuata Limbu

Tarehe 5 Agosti 1974, Jumatatu. Tangu alfajiri upepo mkavu ulikuwa unavuma kutoka upande wa mbuga za Serengeti, umebeba vumbi na makapi ya mtama, na jua lilipotoka lilikuwa limefifia kama taa yenye chimni chafu. Mvua hatukuwa tumeiona tangu mwezi wa tano.

Siku hiyo mimi, Maduhu, pamoja na mama yangu tulitoka kijijini kwetu Mwamapalala, upande wa Bariadi, kwenda kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria. Naandika habari hizi kwa ajili ya wenzangu wa darasa la kisomo cha watu wazima, maana wengi mmeniuliza kisiwa kikoje, na mimi nikisimulia kwa mdomo huwa naruka mambo. Nimesoma mpaka darasa la nne tu. Mahali ambapo sina hakika, nitasema sina hakika.

Sababu ya kwenda ni mdogo wangu Limbu. Ng'ombe wetu walipokufa kwa ugonjwa, yeye alisema hawezi kukaa anatazama zizi tupu, akaenda Ukara kuvua samaki. Mwaka jana, wakati wa kupalilia pamba, mchuuzi mmoja wa samaki wakavu alituletea habari kwamba Limbu amekufa maji, na kwamba mtu aliyekuwa akivua naye, jina lake Majura, amemzika. Tulilia, tukanyoa nywele, matanga yakaisha. Mama yangu, ambaye kwetu tunamwita Mayu, hakusema kitu juu ya kwenda huko.

Mwaka huu ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya cha ujamaa. Kila kaya ya upande wetu iwe imehama kabla ya mvua za kwanza. Kaburi la baba liko kando ya zizi, na zizi litabaki porini. Jioni moja Mayu aliniita nje.

"Maduhu, mimi kuhama sikatai. Serikali imesema, tutahama. Lakini baba yenu namwacha hapa na nani? Nipeleke nikachukue udongo wa kaburi la mwanangu. Nije niuzike hapa ubavuni pake, wakae wawili."

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, udongo wa kaburi lake ndio unaorudi. Babu yangu aliyefia kwenye mashamba ya mkonge aliletwa hivyo, ndani ya kitambaa. Kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Mke wangu Minza alibaki na watoto, nasi tukaondoka.

Bariadi tulifika kwa lori la pamba, tumekaa juu ya marobota. Pale mjini tulipanda basi la Mwanza. Mayu hakuwahi kupanda basi. Alikaa dirishani, kibuyu chake cha maji mapajani, mpaka tulipofika Lamadi na barabara ikaanza kufuata ziwa. Karibu na Kiloleli maji yalionekana wazi, makubwa, hayana ng'ambo. Nilidhani atashangaa kama mimi nilivyoshangaa. Alisema tu, "Ndiyo haya?" kisha akageuza uso akatazama upande wa pili, kwenye mashamba, mpaka Magu.

Mwanza tulilala barazani bandarini pamoja na abiria wengine. Asubuhi tukapanda meli kwenda Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe. Meli ilipoondoka niliona yale mawe ya Mwanza yanayosimama ndani ya maji, moja juu ya jingine kama mtu ameyapanga halafu akaenda zake. Watu wengi walisimama ukingoni kutazama. Mayu alikaa chini kwenye mbao za sakafu, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Kutoka Nansio tulipata gari mpaka mwisho wa Ukerewe, mahali panapoitwa Bugolora, na kutoka hapo mtumbwi ulituvusha mpaka Ukara. Mtumbwi huo ulikuwa mkubwa, una watu, kuku na baiskeli. Mayu alifumba macho njia nzima.

Tulipotua Bwisya, mchana, niliona mtu amekaa mchangani anashona nyavu. Nikamwuliza kama anamfahamu Majura.

"Majura ni mimi," akasema, "kama hudai. Kama unadai, amesafiri."

Watu waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikamwambia sisi ni watu wa Bariadi, huyu ni mama yake Limbu. Alisimama. Ile sindano ya nyavu ilibaki mkononi. Alikwenda kwa Mayu, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya watu wa huko kwa wazee, akachukua mzigo wake, akatangulia mbele.

Majura ni mtu wa umri wangu, mfupi, mabega mapana, mwenye maneno mengi akiwa na watu. Mkewe wanamwita Mama Bahati. Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili, sisi ambao hatukupeleka hata habari. Tulipewa nyumba ndogo aliyokuwa akilala Limbu. Mayu aliuliza kitanda ni kipi, akaonyeshwa, akalala juu yake mchana ule ule, na viatu vyake.

Jioni, baada ya kula, Mayu alianza. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo nilikuwa namsaidia. Alisema, "Baba, tunashukuru. Kesho utupeleke kaburini, tuchukue udongo."

Majura alitazama moto. "Kesho mnatembea, mama. Kwetu mgeni hapelekwi kwenye msiba akiwa na vumbi la safari. Kwanza anatembezwa, aone mahali ndugu yake alipoishi. Kisha anakwenda."

Mayu aliniuliza kwa Kisukuma kama mila hiyo ni ya kweli. Nilimjibu sijui, lakini sisi ni wageni. Mpaka leo sina hakika. Nilimwuliza mtu mwingine pale kisiwani akasema ipo, na mwingine akasema hajaisikia.

Asubuhi iliyofuata tulitembezwa mashambani. Ukara ni kisiwa kidogo na watu ni wengi, kwa hiyo hakuna ardhi inayoachwa. Milima imejengewa kuta za mawe ili udongo usishuke, na kila shamba linatiwa samadi. Miti ina wenyewe, hata majani yake yana wenyewe. Sisi tunaotupa samadi na kuhama shamba likichoka, nadhani tunaweza kujifunza kitu pale, ingawa sijui nani kati yetu angekubali kazi hiyo.

Ajabu ni ng'ombe. Hawatoki. Wanakaa ndani ya nyumba, kwenye shimo lililochimbwa kina cha mtu kufika kiunoni au zaidi, wanaletewa majani na maji, na samadi inajaa chini yao mpaka inatolewa. Mama Bahati alituonyesha jike lake jekundu, limenenepa, limetazama juu kutoka shimoni. Mayu aliinama akalishika pembe.

"Huyu anajua jua?" akauliza.

"Analisikia," akajibu Mama Bahati. "Na ninyi wenzetu mnawatembeza mpaka wanakonda, halafu mnahesabu mifupa mnasema tuna mali."

Mayu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Kisha akaniambia pole pole, kwa lugha yetu, "Limbu aliweza kweli kukaa hapa, na ng'ombe wako shimoni?"

Jioni aliuliza tena. Majura akasema, "Kesho mama. Kesho kwanza jiwe."

Jiwe hilo mmelisikia, maana hata Mwanza wanalitaja. Linaitwa jiwe linalocheza. Tulitembea asubuhi, jua bado la upole, tukipita miamba iliyokaa kama tembo waliolala. Majura alisema hata Wazungu wanakuja kulitazama, na wanafunzi kutoka bara. Pale kuna mzee wa ukoo unaolitunza. Tulivua viatu. Jiwe lenyewe ni kubwa, limekaa juu ya mengine kwenye ncha ndogo, chini yake unaona mwanga. Yule mtunzaji aliimba, akapunga mkono, akaliita kwa jina lake kama mtu anavyoita ng'ombe anayemfahamu. Likatikisika. Mimi nililiona likitikisika. Kama ni upepo, kama ni mkono wa mtu, au kama ni jiwe lenyewe, siwezi kusema. Mayu anasema halikucheza hata kidogo. Lakini macho yake yana ukungu, na pia hakuwa anatazama jiwe. Alikuwa anamtazama Majura.

Yule mtunzaji alisema watu huliomba jambo. Mayu aliombwa aseme lake. Alikataa. "Mimi nimekuja kwa udongo tu," akasema.

Tuliporudi, Majura akataka tupande kilima kilicho nyuma ya nyumba ili tuone kisiwa chote. Mayu alibaki na Mama Bahati. Juu ya kilima unaona ziwa pande zote, na visiwa vingine vidogo vimetawanyika. Upepo ulikuwa mzuri, hauna vumbi. Majura alinionyesha kwa kidole: pale wanavua sato, pale wanavua dagaa kwa taa gizani, kile cheupe ni kisiwa cha ndege. Nilimwuliza, "Na kaburi liko wapi?" Akasema, "Huwezi kuliona kutoka hapa." Akaanza kushuka.

Mchana ule alinipeleka kuoga ziwani, mahali penye mchanga kati ya miamba miwili. Mimi nimezaliwa mahali ambapo maji ni ya kufukua mchangani, kwa hiyo niliingia mpaka magotini nikasimama.

"Ninyi watu wa ng'ombe!" akacheka Majura. "Unaogopa maji yasikukanyage? Lala chali. Nitakushika mgongoni."

Nililala. Aliniwekea kiganja chini ya mgongo na maji yakanibeba, na masikio yakajaa ukimya. Kwa muda mfupi sikuwa na uzito wowote. Ni jambo ambalo sikuwa nimelijua kabla, na kama nisingekuwa nimefuata msiba ningesema ni jambo zuri kuliko yote niliyoyafanya maishani. Halafu nikasikia kile kiganja kimeondoka mgongoni. Nikasimama haraka.

"Limbu nilimfundisha hapa hapa," akasema Majura. "Alijua kuogelea. Usifikiri hakujua."

"Sasa alikufaje?"

"Kuna siku ziwa halitaki kujua unajua nini." Akavaa shati lake kabla hajakauka.

Hapo nilianza kushuku kuna kitu, lakini sikujua ni kitu gani. Nilifikiri labda waligombana. Nilifikiri mabaya juu ya mtu aliyekuwa ananilisha, na naliandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Usiku ule Mayu hakuuliza habari ya kaburi. Majura mwenyewe ndiye aliyesema: "Kesho tutakwenda kuona ndege."

Siku ya ndege kulikuwa shwari, ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Mtumbwi ulikuwa mdogo, tulikuwa watatu: Majura anapiga kasia, mimi mbele, Mayu katikati. Mayu alikubali kuja, jambo lililonishangaza. Alikuja amebeba kibuyu chake kikubwa cha maji ya kunywa, kile tulichotoka nacho nyumbani, amekijaza kutoka kwenye mtungi wa Mama Bahati.

Majura alipokiona aliweka kasia chini. "Mama! Unabeba maji kwenda ziwani?"

"Nikipata kiu?"

"Mama, tazama. Tazama kulia, tazama kushoto. Haya yote ni ya nini?"

"Haya siyajui," akasema Mayu. "Haya ya kibuyu nayajua."

Majura alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Tulikizunguka kile kisiwa. Ni miamba mitupu iliyopakwa nyeupe kwa mavi ya ndege. Mnandi walikuwa mamia, weusi, wamesimama wamekunjua mabawa ili yakauke, kama watu wanaoanika makoti. Mwingine alizama karibu nasi, akapotea, akaibuka mbali na samaki mdomoni. Kenge alikuwa amelala juu ya jiwe. Nilikuwa nazungusha shingo kila upande kama mtoto. Nilimsahau Mayu kabisa.

Tulipokuwa tunarudi, nyuma ya kisiwa hicho, mahali maji yanapogeuka meusi, Mayu alisema kwa Kiswahili, mwenyewe, bila mimi: "Baba. Mwanangu alikufa wapi?"

Majura aliendelea kupiga kasia mara mbili tatu. Kisha akaacha. Mtumbwi ukaenda wenyewe kidogo, ukasimama.

"Ni hapa, mama."

Akasema yote. Walikuwa wawili, yeye na Limbu, alfajiri. Upepo uliinuka bila dalili, mtumbwi ukapinduka. Walishika ubavu wake pamoja. Wimbi moja likaja, na lilipopita, Limbu hakuwapo. Majura aliokotwa asubuhi na watu wa dagaa. Kisiwa kizima kilitoka na mitumbwi kumtafuta, siku baada ya siku, mpaka wazee wakasema basi.

"Na kaburi?" nikauliza.

"Kaburi lipo. Kwetu mtu akipotea ziwani hatumwachi hivi hivi. Tunakata mgomba, shina lake, kimo cha mtu. Tunauvika sanda, tunauita kwa jina lake, tunauzika, tunalia. Mimi nililia. Kwetu amezikwa, mama. Kwa hiyo nilimwambia yule mchuuzi awaambie amezikwa. Sikudanganya. Lakini mlipokuja mkasema mnataka udongo, nikajua ninyi mnafikiri..." Akageuza kasia mkononi. "Nilikuwa nasema kesho, kesho. Kila nikitazama uso wako nasema, aone na hili, aone na lile."

Nimeyafikiria sana maneno yake. Kama angetuambia siku ya kwanza, Mayu asingecheka na Mama Bahati, na asingelala kwenye kitanda kile akiwa na matumaini. Upande mwingine, alituchezea siku zetu, na mama mzee alipandishwa mtumbwi juu ya mahali mwanawe alipozama, bila kuambiwa. Nikiweka upande huu nikiweka na ule, siwezi kusema ni mtu mbaya. Wala siwezi kusema alifanya vyema. Nadhani alikuwa amebeba kitu kizito na hakujua mahali pa kukitua.

Mayu hakulia. Alichungulia maji. Halafu akafungua kibuyu chake, akamwaga maji yote ya kunywa ziwani, taratibu, akakizamisha mwenyewe kwa mkono wake mpaka kikajaa. Mtumbwi uliinama na Majura akaegemea upande wa pili kuusawazisha. Mayu akaziba kibuyu kwa kizibo cha gunzi, akakiweka mapajani.

"Tupeleke nyumbani," akasema.

Mchana tulipelekwa kaburini. Liko kwenye migomba ya Majura, limepangwa mawe, limefyekwa vizuri. Mama Bahati ndiye anayelifyeka. Mayu alikaa chini kando yake, na Mama Bahati akakaa, wakashikana mikono, wakalia kwa sauti kila mtu kwa lugha yake, mpaka majirani wakaja wakalia nao. Nami nililia. Mayu alipomaliza alimshukuru Mama Bahati kwa lugha yetu, "Wabeja, mwanangu, umemtunza." Lakini udongo hakuchukua. Nilikuwa nimeshika kitambaa, namsubiri. Akatikisa kichwa.

"Mgomba siwezi kumpelekea baba yake," akasema. "Maji haya ndiyo yaliyomgusa. Nitayamwaga ubavuni pake, ardhi itayanywa."

Kesho yake tuliondoka. Majura alitusindikiza mpaka Bugolora. Alipomuaga Mayu alipiga tena lile goti lake, na Mayu akamwekea mkono kichwani, akautoa.

Njia ya kurudi sina mengi ya kuandika, isipokuwa jambo moja la kwenye basi. Tulipokwisha pita Lamadi, tumeelekea Bariadi, jua la saa nane, rejeta ilichemka na basi likasimama porini. Dereva hakuwa na maji. Kondakta alipita kati ya viti akiuliza nani ana maji, akakiona kibuyu.

"Ahaa, bibi ametuokoa! Lete hicho, bibi."

Mayu alikikumbatia. "Hapana."

"Tutakulipa mengine Bariadi."

"Hapana."

"Bibi, siku hizi ni ujamaa," akasema abiria mmoja aliyevaa kofia, na watu wakacheka. "Maji ni ya wote. Wewe unataka kuwa bepari wa kibuyu?"

"Mwache," mwingine akasema, "huenda ni pombe."

Kondakta hakuwa na kosa. Watu walikuwa wanaungua na jua, kuna wagonjwa na watoto. Kama ningekuwa sijui, nami ningemlaumu bibi huyo. Nilitaka kuwaeleza, lakini ningesema nini? Kwamba mle ndani yumo mdogo wangu? Nikamwomba kondakta debe, nikatembea mpaka nikapata dimbwi lenye matope walikonywa ng'ombe, nikarudi nalo begani. Rejeta ilijazwa hayo. Yule wa kofia alinipokea debe, akasema, "Pole, kaka," na hakumtania tena Mayu.

Huko njiani nilijiuliza nimejifunza nini, maana ndivyo mwalimu wetu wa kisomo anavyotaka tumalizie. Nimeona mawe, ndege, ng'ombe wa shimoni, nimebebwa na maji. Kama nimejifunza, ni kwamba watu wawili wanaweza kusema "amezikwa," kila mmoja akisema kweli, na ile kweli ya mmoja ikamwumiza mwenzake. Labda si hivyo. Labda mwingine angeona zaidi kuliko mimi.

Nyumbani tulifika jua linazama. Minza alitukimbilia njiani, akapokea mizigo yote, akapokea na kibuyu mikononi mwa Mayu. Mkwe hamwulizi mama mkwe amebeba nini. Anapokea, anaingia nacho ndani. Mayu alikuwa amechoka, miguu imevimba, akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, na majirani wakaanza kuja kutusalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu, mwadila," wanataka habari. Mimi nilikwenda zizini, kwenye kaburi la baba. Tulikuwa tumepatana kwamba kesho yake asubuhi tuwaite wazee wa ukoo, tumwage yale maji kaburini mbele yao.

Majirani walipoondoka, Minza akaleta chakula. Tulinawa, tukaanza kula, Mayu na Minza na watoto upande mmoja, mimi karibu nao. Tulikuwa tumekwisha mega mara kadhaa Mayu alipouliza, "Minza, kibuyu changu umekiweka wapi?"

"Nimekitundika, mayu. Nimekikausha."

Mkono wa Mayu ulibaki hewani.

"Maji yake?"

"Nimepikia." Minza alitutazama, mimi kisha yeye. "Mayu, kisima cha mtoni kimekauka tangu mmeondoka. Leo nimefukua mchanga mpaka jioni nimepata ndoo nusu, wamekunywa watoto na mbuzi. Nikasema, Mungu ni mkubwa, mayu ametuletea maji. Ni maji mazuri, hayana chumvi. Kwani... mayu, nimefanya nini?"

Ilinibidi nimweleze mimi. Nilimweleza kwa kifupi, nikitazama chini. Minza alisukuma bakuli, akafunika uso kwa kanga, akaanza kulia kama aliyefiwa siku ile. Mtoto wetu mdogo, ambaye hakuelewa, aliacha kutafuna. Mimi sikujua kama ninapaswa kumeza au kutema kilichokuwa mdomoni. Nilimeza.

Mayu alikuwa anatazama lile tonge mkononi mwake. Nikafikiri atainuka. Kisha akalichovya kwenye mboga.

"Nyamaza, mwanangu," akamwambia Minza. "Kaburi tungeliacha hapa. Hivi tutahama naye."

Akala. Akamsogezea Minza bakuli, akawaambia watoto wale wasibakize, akakwangua mwenyewe ukoko wa chungu akawagawia. Siku ile nyumbani kwetu tulikula ugali wa mtama, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga. Haukubaki hata kidogo.